Wanaomsikiliza Najiat

Simu iliita, Leonia akiwa na majani ya tumbaku mapajani, ameinua moja kulielekeza kwenye mwanga wa mlangoni ili aone ni la daraja gani. Wanawake wanne waliokuwa wakichambua pamoja naye bandani waliinua vichwa. Wote walijua ni watu wa redio wanaopiga.

Pale Usoke, Leonia alijulikana kama mke wa Amon, na kama sauti ya pili katika kwaya ya Moravian. Mtandaoni alijulikana kwa jambo jingine. Alikuwa msimamizi wa kundi la mashabiki wa Najiat, mwimbaji kijana wa Tabora mjini, na kundi hilo lilikuwa na watu elfu kumi na moja, wa Nzega, wa Igunga, hata wa Mombasa. Mama mkwe wake, Pelagia, mmoja wa wale wanne bandani, aliliita baraza la simu, wala hakulisema kwa kusifu.

Tangu jana yake mtangazaji, Mussa, alikuwa amemweleza kipindi kitahusu nini. Alitaka kujua kwa nini mashabiki wa muziki mtandaoni wana mapenzi makali zaidi kwa waimbaji wa kike kuliko wa kiume. Angekuwepo pia Masolwa wa Nzega, kiongozi wa kundi la mwimbaji mmoja wa kiume, kundi ambalo siku hizo lilikuwa likipoa. Amon alimsihi mkewe aseme tu kwamba Najiat ana sauti nzuri, asije akaitia familia midomoni mwa watu. Leonia alikubali.

Alitoka akasimama kivulini mwa bani, ile nyumba ya matofali ya kukaushia tumbaku, kwa sababu redio ya bandani ingeleta mwangwi kwenye simu. Ndani, wenzake wakaongeza sauti.

Masolwa ndiye aliyeanza. Alizungumza vizuri, kwa kujiamini. Alisema mwanamume huimba na watu wakapima kazi yake, lakini mwanamke mtandaoni hupendwa kwa sura na mavazi, basi. Mussa alicheka kidogo.

"Dada Leonia, unamjibu nini?"

Jibu la sauti nzuri lilikuwa tayari mdomoni, lakini halikutoka. Alimkumbuka Octavian, fundi baiskeli wa Puge, aliyewahi kuwaandikia kwamba nyimbo za wanaume wenzake humwonyesha magari ambayo hatayapata maisha yake yote, ila Najiat humpa ruhusa ya kuhuzunika. Akakumbuka pia wiki ile Najiat alipotukanwa kwa kunenepa baada ya kujifungua. Wanakundi walibandika picha za watoto wao kwenye ukurasa wake, mamia kwa mamia, mpaka matusi yakazikwa chini huko yasionekane tena. Hakuna aliyewaagiza.

"Mwanamume akiimba tunacheza, ndugu Masolwa, hata mimi nacheza," alisema. "Lakini yeye akinenepa, huambiwa amefanikiwa. Najiat akinenepa, huchekwa. Kwa hiyo tunakaa karibu naye. Na yeye ndiye aliyetangulia kukaa karibu nasi."

Mussa akamwuliza ana maana gani.

Hapo Leonia angeweza kuishia. Badala yake akaeleza. Miaka mitatu iliyopita alijifungua mtoto wa kike aliyeishi siku mbili tu. Watu walikuja wakazika, wakala, wakaondoka, naye akaambiwa ashukuru Mungu, atapata mwingine. Baada ya hapo hakuna aliyemtaja mtoto yule, si nyumbani, si kanisani. Kisha Najiat akatoa wimbo wa mwanamke anayekunja mbeleko na kukosa pa kuiweka. Leonia aliusikiliza akiwa shambani, kwenye simu ya kuazima. Chini ya wimbo ule hakuandika sifa wala pongezi. Aliandika jina tu: Suzana.

"Mpaka jioni wanawake mia moja na arobaini walikuwa wameandika majina ya watoto wao chini ya la mwanangu," alisema. "Sikumjua hata mmoja. Nikafungua kundi ili majina yale yasipotee. Kundi mnalouliza ndilo hilo."



"Hapo sina la kubisha," Masolwa akasema, sauti imeshuka. "Pole, dada yangu."

Mussa akaupiga wimbo ule. Leonia aliusikia ukitoka bandani, naye akabaki ameegemea ukuta wa bani. Amon alikuwa kwenye ofisi ya chama cha msingi cha wakulima, na pale redio haizimwi. Atakuwa amesikia. Alijaribu kujuta, akaona hajuti.

Aliporudi ndani, wanawake watatu walikuwa wameinamia majani yao. Mmoja alimsogezea kigoda. Pelagia peke yake alikuwa ameacha kuchambua. Mikono yake ilikuwa imetulia magotini, na alipozungumza alitumia Kinyamwezi, kama anavyofanya anapotaka maneno yabaki nyumbani.

"Wa kwangu alikuwa Alois," alisema. "Alimtangulia Amon. Hata Amon sijamwambia."

"Mama," Leonia akasema.

Pelagia akauliza hayo majina huandikwa wapi. Leonia akakaa chini karibu naye, akaufungua ukurasa wa kundi, akamwekea simu mapajani na kumwonyesha herufi zilipo. Kidole cha mama mkwe kilikuwa kigumu kwa miaka ya kazi. Kioo kilikikataa mara mbili. Akakifuta kwenye kanga, akabonyeza tena, na A ikatokea. Alikiondoa kidole akaitazama, herufi moja juu ya weupe wote ule, na pembeni yake kijistari chembamba kikiwaka na kuzima, kikisubiri.