Kichwa cha Msiba, Kiwiliwili cha Disko

Nani alimtuma mdogo wangu atengeneze wimbo wa namna ile, sijui. Unaanza na mbinja zake mwenyewe, polepole, kinanda kidogo chini yake, utadhani mtu anabembeleza mtoto. Unalegea mabega. Halafu bila hata hodi, paa! Ving'ora, ngoma za kompyuta, besi ya kutikisa vyombo kabatini. Watu walimcheka: wimbo gani huu, kichwa cha msiba, kiwiliwili cha disko? Naye anacheka nao, meno yote nje. "Lazima kwanza walegee, dada, ndiyo niwashike vizuri."

Tumeshamzika. Umebaki wimbo wake, ndio unaotuendesha humu ndani.

Mama hali chakula. Ugonjwa wa kusahau ulianza na majina ya majirani, ukaja kwenye njia ya chooni, sasa umefika kwenye kijiko. Anabana midomo, hata ufanyeje. Isipokuwa mbinja zikilia. Hapo anafungua kinywa mwenyewe, macho kayakaza mlangoni, nami namlisha harakaharaka, uji unamtiririka kidevuni. Ngoma zikiingia tu, basi, kafunga. Nikirudisha mwanzo papo hapo, hadanganyiki.

"Wewe nani?" ananiuliza.

"Mwanao, mama."

"Mwanangu gani? Hebu niondokee!"

Muuguzi anayempitia nyumbani alimpima, akatikisa kichwa. "Dada yangu, sikufichi. Wiki ikiisha hali ni hii hii, tunamlaza na kumpitishia mpira puani."

"Atauchomoa."

"Itabidi tumfunge mikono."

Nilimwambia mama yangu hafungwi na mtu. Lakini maneno matupu hayashibishi. Nilikwenda jikoni nikalia na mwiko mkononi.

Kesho yake nikamfuata Masikio, aliyekuwa na studio moja na marehemu. Chumba kimebandikwa trei za mayai ukutani, feni inapiga kelele, joto halisemeki.

"Nataka mbinja peke yake," nikamwambia. "Zirefushe. Hayo makelele mengine tupa."

"Lo, dada! Marehemu angenikaba koo."

"Marehemu hamlishi mama. Ninayemlisha ni mimi. Kata!"

Akakata. Alichukua ule mwanzo, akaunganisha mwisho wake na kichwa chake, akaunganisha tena na tena, mpaka mbinja zikawa haziishi na kiungo hukisikii. Fundi ni fundi. Nilirudi nyumbani karibu nakimbia.

Uji niliupika mwepesi, wenye sukari ya kutosha. Nikawasha simu. Mama akafungua kinywa, akameza, akafungua tena. Mungu mkubwa, nikasema, leo bakuli litaisha. Mbinja zikafika pale ngoma zilipozoea kuingia, zikapita, zikaendelea. Mama akaacha kumeza. Akatazama mlango, akanitazama, akautazama tena mlango. Akalipiga bakuli kofi, uji ukaruka mpaka ukutani.

"Mbona haji?" alilia. "Leo mbona haji?"

"Nani, mama? Nani haji?"

Hata uji wa jioni hakuugusa. Nilimpigia Masikio, nikamtukana matusi yote ninayoyajua. Alisubiri nikaishiwa.

"Kwani dada hujui?" akasema. "Aa, mchana ulikuwa kazini kiwandani. Jamaa, huyo mdogo wako, alikuwa akija kula na mama kila siku. Anawasha wimbo, anajificha nje ya mlango. Mbinja zikilia, mama anaonjaonja. Ngoma zikipiga, anaweka kijiko chini, maana ndipo jamaa anapoingia, anarusha mikono, anajitingisha kama kuku aliyemwagiwa maji. Mama hoi kwa kicheko. Wakimaliza kucheka ndiyo wanakula, bakuli moja."

Nilikata simu bila kuaga.

Sasa mnione mimi, mtu mzima, goti bovu, sijawahi kucheza hata harusini kwangu. Nilivaa shati la mdogo wangu na kofia yake. Nilimwekea mama bakuli mapajani na kijiko mkononi, nikawasha wimbo mzima mzima, nikasimama nje ya mlango. Mbinja zikaanza. Ni pumzi yake ile, hata pale anaposita kuvuta hewa inasikika. Niliuma kola ya shati nisitoe sauti.

Ngoma zikalipuka, nikaingia. Nilirusha mikono, nilijitingisha, machozi yananitoka, goti linanichoma, sijali. Mama alinikazia macho. Kisha akaangua kicheko, kicheko chake kile cha zamani, mpaka akashika mbavu.

"Umechelewa, baba!" akasema. "Kaa, tule."

Akala. Kwa mkono wake mwenyewe, jamani, kijiko baada ya kijiko, kingine ananilisha mimi. Bakuli likaisha, akaomba jingine. Nilijua wodini haendi tena. Nilitaka kupiga vigelegele.

Alinipangusa jasho usoni kwa kiganja, taratibu, kisha akainama karibu na sikio langu.

"Dada yako yuko wapi? Tangu niugue hajakanyaga hapa."

"Yuko kazini, mama."

"Mwambie aje. Nimemkumbuka sana mwanangu."

"Nitamwambia," nikasema.