Masinia Mawili ya Alhamisi

Chuo alichosoma Harub hakikuwa na bweni la wavulana, kwa hiyo vijana waliotoka mbali na Nizwa, kule Oman, walikodi nyumba kwa makundi, na kila kundi likajiita shilla. Shilla ilikuwa na mkubwa wake na masharti yake, na mtu akishaingia moja haingii nyingine. Hakuna aliyekuja kukwambia kuwa umekubaliwa. Siku ya Alhamisi, baada ya masomo, sinia la wali liliwekwa chini, na mgeni aliyekaa akala na wenyewe alihesabiwa kuwa mwenzao tangu hapo.

Hapo ndipo Harub alipoteleza. Alilelewa Ibra na Bibi yake, mzaliwa wa Unguja, ambaye kwake kukataa chakula cha mtu ni kumvunjia heshima ndani ya nyumba yake. Alhamisi ya kwanza alikwenda Firq, kwenye nyumba ya wachezaji wa mpira wa magongo. Wakamkaribisha, akala. Alhamisi iliyofuata Mohannad, kijana wa Sur aliyekaa naye darasani, alimpeleka nyumba yao ya Birkat al Mauz amwelekeze hesabu zilizomshinda. Sinia likaja, akala. Wiki ilipoanza tena, nyumba zote mbili zilikuwa zimemtengea kitanda.

"Mtoto wa Ibra ana matumbo mawili," Khalaf, nahodha wa wachezaji wa Firq, alimtania mbele ya timu nzima. "Moja la wachezaji, moja la wasomi. Hashibi huyu."

Wakacheka, na Harub naye akacheka. Lakini mazoezi yalipokwisha Khalaf alimvuta pembeni akamwambia kwa upole achague kabla ya Alhamisi nyingine, maana watu walikwisha kuanza kusema.

Mtihani wa kwanza wa hesabu Harub alikuwa ameanguka, na chuo kilimwonya kwamba akianguka tena asahau uhandisi. Kule Firq vijana walirudi uwanjani wamechoka, wakaangalia mpira kwenye televisheni, wakalala. Kwa kina Mohannad, baada ya magharibi simu zote zilitiwa kikapuni, na hakuna aliyeigusa yake mpaka amalize kusoma. Kwa mtu mwingine, kuchagua kwa kina Mohannad lisingekuwa jambo la kufikiriwa mara mbili.

Ila kitanda cha Firq kilikuwa cha Hazim.

Hazim alikuwa kaka yake, winga wa kushoto wa timu ile ile. Alifariki mwaka juzi, gari ilipopinduka njia ya Sur. Wenzake walimpa Harub kitanda chake, gongo lake na nafasi yake uwanjani, ingawa Harub tangu shule alikuwa beki, na kila alipokimbizwa pembeni mpira ulimpita. Aliendelea kucheza hivyo hivyo. Alichokitaka katika nyumba ile hakikuwa mpira. Alitaka kuwasikia watu waliokaa na Hazim wakimtaja. Nyumbani jina lile halikutajika bila ya mama yake kuondoka chumbani.

Wachezaji nao hawakulitaja. Mmoja alianza, "Siku moja Hazim," mwenzake akamgusa kwa kiwiko, akanyamaza. Waliona hiyo ndiyo heshima kwa mfiwa.

Mohannad hakuwahi kumjua Hazim. Jioni moja, kitabu kikiwa wazi baina yao, aliuliza tu, "Kaka yako alikuwa mtu wa namna gani?" Harub akajibu mpaka kahawa ikapoa. Kisha wakarudi kwenye hesabu, na jioni ile hesabu ziliingia.

Basi alijua atakaa wapi. Kilichobaki ni kumwambia Khalaf, na hilo hakujua aanzie wapi. Ijumaa alikwenda Ibra akampa Bibi shikamoo, akamweleza yote. Bibi aliuliza kwanza nyumba anayohamia nani anapika. Halafu akasema, "Ulikwenda kama mgeni, ukapewa. Sasa nenda na chako, ukawape."

Wakapika boko boko, ngano na nyama, na Harub ndiye aliyesonga.

"Songa, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Gongo unaliweza, mwiko huuwezi?"

Jumamosi alifika Firq na sufuria imefungwa kwa kitambaa. Alipakua kwenye sinia lao, akamiminia samli, wala hakukaa.

"Kaa ule," Khalaf alisema.

"Leo mimi ndiye ninayekaribisha. Nitakaa Birkat al Mauz. Mazoezini nitakuja siku nisizokuwa na darasa, mkinitaka, lakini nicheze beki. Winga ilikuwa ya Hazim. Mimi siiwezi."

Khalaf alilitazama sinia. Angekikataa chakula angemvunjia heshima aliyekileta. Akila, ameridhia.

"Umetufunga bao, mshenzi wee," alisema, akakunja mikono ya kanzu yake.

Wakala. Maen, aliye mdogo kuliko wote, aliuliza kama ipo sukari.

"Hazim naye hakuila bila ya sukari," Khalaf alisema, kisha akasita, akamtazama Harub.

"Endelea," Harub alisema.

Khalaf akaendelea. Hazim alikuwa akiificha sukari chini ya kitanda wasimuibie, mpaka sisimizi wakapanda godoroni, naye akaapa kuwa ni wa jirani. Mwingine akadakia kuwa hata viatu vyake vya mpira vilikuwa na sisimizi. Harub akakaa chini karibu na mlango, akasikiliza mpaka sinia likawa tupu, na hata lilipokwisha kuoshwa walikuwa bado wanasimulia ya Hazim.