Kocha Alikuwa Ameona

Kocha Gorazd Pohar alimwona mchezaji wake Nejc akitapika. Ilikuwa kwenye ujia wa nyuma ya vyumba vya kuvalia, pale mjini Bled, mapumziko ya mwisho ya mechi ya mwisho ya hoki ya barafuni, Slovenia na Austria wamefungana mawili kwa mawili. Muda mfupi kabla, beki wa Austria, pande la mtu, alikuwa amembamiza kijana huyo kwenye ubao wa kando ya barafu mpaka kofia ikamvuka.

"Nini hiyo?"

Nejc akajifuta mdomo. "Soseji za mama, kocha. Nimekula kama niko harusini."

Akacheka, lakini macho yake hayakutulia na mkono ulikuwa ukipapasa ukuta. Gorazd aliyajua macho yale: ya mtu aliyetikiswa ubongo. Daktari wa timu alikuwa chumba cha pili. Kumwita lilikuwa neno moja tu. Lakini atamwingiza nani? Kanada ukimtoa mmoja, mia wanagombea nafasi yake. Kwao Slovenia, viwanja vya barafu vyahesabika kwa vidole, na vijana wa kucheza hoki ni hao hao. Na ushindi ule ungewapandisha daraja la juu la vijana wa dunia, wakacheze na Wakanada na Wafini wenyewe.

"Utaweza?" akauliza, hali akijua kijana yeyote wa Jesenice, mji wa hoki, angejibu nini.

"Niulize nikishakufa."

"Haya, kaza kamba za viatu."

Nejc ndiye aliyefunga bao la ushindi. Uwanja ukalipuka kwa nyimbo. Walipopanga mstari kupigwa picha, akamnong'oneza kocha wake: "Nani kafunga?"

Gorazd akacheka. Alitaka sana uwe utani.

Theluji ikayeyuka, miti ikachipua, Nejc bado yumo chumbani na mapazia yameshushwa. Mwanga ulimchoma, mlio wa vijiko ulimpasua kichwa. Klabu ya Uswidi iliyokuwa ikimtaka ikanyamaza kimya. Gorazd naye kila alikopita alipongezwa.

Jumapili moja alikwenda tena kumjulia hali. Darinka, mama yake Nejc, alimkatia kipande kinene cha potica, ule mkate wa sikukuu uliojazwa kokwa za jozi.

"Kula, Gorazd. Wenzio wote wamepotea, umebaki wewe tu. Na huyu mjinga aliwaficha nyote kwamba ameumia!"

Gorazd akakisogeza kando kisahani.

Chumbani, Nejc aligeuza uso gizani. "Kocha, nisamehe. Zile soseji nilikudanganya. Sasa watu watakusema wewe kwamba hukututunza."

Gorazd angeweza kunyamaza, kama alivyonyamaza Jumapili zote zilizopita. Darinka alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Hukunidanganya," Gorazd akasema. "Niliona. Nilijua umeumia. Nikakuacha ucheze kwa sababu sikuwa na mwingine."

Darinka akakiweka kikombe juu ya kabati, polepole.

"Miezi yote hii najilaumu," Nejc akasema.

"Najua."

"Unajua! Umekaa hapo unanisikiliza najitukana, kisha unakwenda kula mkate wa mama!"

"Toka, Gorazd," Darinka akasema. Hakupaza sauti. "Mtoto haruhusiwi kukasirika. Daktari kakataza."

Kesho yake Gorazd akaenda kwa wakubwa wa hoki akawaeleza yote. Mmoja akamshika bega: "Bwana we, wangapi wamefanya hivyo? Nani alikuuliza?" Hata hivyo Gorazd akaacha kazi.

Desemba timu ikaenda kwenye mashindano ya daraja la juu na kocha mwingine. Wafini wakawachakaza, Wakanada wakawafanya wanavyotaka. Kwa Wajerumani vijana walipigana mpaka dakika za nyongeza, wakashinda. Gorazd, peke yake mbele ya televisheni, aliruka akapiga ukelele, kisha aibu ikamshika kwa furaha ile. Akachukua simu ampigie Nejc. Akakumbuka kwamba kijana bado haruhusiwi kutazama mechi. Akaiweka.