Mkono Uliokaa Jaladani

Nukta, mchoraji wa majalada aliyepewa jina hilo kwa udogo wa umbo lake, alibandika ukutani karatasi sita za jalada, akarudi nyuma hatua tatu. Jalada lisilosomeka kwa hatua tatu huwa analitupa. Kijitabu kilikuwa cha kiwanda cha biskuti, kichwa chake "Kazi Salama". Herufi alishazipata, nene, za duara, zina vitambi kama watu walioshiba. Ilibaki alama, na hapo alichora mkono ulio wazi.

Mkono ulikuwa na vidole vitatu.

Akauchora upya, akahesabu vitano, akachapa. Vikatoka vitatu. Akaenda kuchapa kwa jirani. Vitatu. Cha pete na cha mwisho havikuwepo, vilevile kama kwa dada yake, aliyeviacha kiwandani humo mwezi uliopita, kwenye mashine ya kukata unga uliokandwa, ile isiyo na kifuniko. Na Jumatatu dada alitakiwa kurudi mashine ileile.

Akampigia simu.

"Dada, mkono wako umekuja huku kazini."

"Umesalimia lakini?"

"Umekaa kwenye jalada, hautoki."

"Basi uache, mdogo wangu. Pengine wakiuona watatia kifuniko. Mimi nimesema mpaka mate yamenikauka."

Nukta akauacha.

Mchana akaja meneja wa kiwanda. Akasimama mbele ya ukuta, akahesabu taratibu: kimoja, viwili, vitatu.

"Huu wa nani?"

"Wa dada yangu, mzee. Yule wa mashine ya pili."

"Aa, yule! Mchapakazi kweli." Akainamisha kichwa, akagusa penye pengo la vidole. Nukta akamsogelea.

"Mzee, kile kifuniko cha mashine…"

"Uache hivyohivyo," alisema meneja. "Hapo palipo wazi nembo yetu inaenea vizuri. Ila hizo herufi zimenona mno, zikondeshe."

Nukta alizikondesha. Angefanya nini? Vikatoka vijitabu elfu mbili, kila kimoja na vidole vyake vitatu, na biskuti ya nembo imejikalia penye pengo.

Jumatatu asubuhi dada alipewa chake getini. Alikitazama, akaujua mkono wake, akakitia mfukoni mwa aproni. Kisha akaenda mashine ya pili, akaiwasha, akaanza kusukuma unga kuelekea kwenye kisu kilicho wazi.