Maji ya Kwanza

Nyumbani tulimwita Kiroboto, kwa sababu tangu utotoni hakuweza kutulia mahali pamoja. Sasa Kanisa linamwita Mwenyeheri, hatua moja kabla ya Mtakatifu, na kwenye kadi za sala wamemchora amesimama wima, nywele zimechanwa, macho yako juu mbinguni. Kaka yangu hakuwa mtu wa kutazama juu, labda paa livuje. Kadi hiyo ninayo kwenye kabati la vyombo, na kila nikiiona natamani kumuuliza mchoraji ni nani huyo aliyemchora.

Alikuwa katekista. Watu wenye silaha walivamia kanisa wakamtaka atoe ufunguo wa tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Hostia, mikate mitakatifu ya Komunyo. Walitaka kuzimwaga Hostia sakafuni na kuzikanyaga, waone Mungu wetu atafanya nini. Kiroboto akaufumbata ufunguo. Wakampiga risasi pale pale kwenye mlango wa sakristia, chumba anamovalia padre.

Parokia ikauchukua mwili. Padre alisema mtu aliyekufa kifo cha namna hiyo huzikwa ndani ya kanisa, nasi tukakubali, maana siku ile tungekubali lolote. Mama akapewa shati alilokuwa amevaa.

Lazima nieleze kazi ya mama, vinginevyo mtamwona mjinga, kama wengine walivyomwona. Yeye ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya altare. Vitambaa hivyo huweza kubaki na chembe ya Hostia au tone la divai kutoka kwenye kikombe, kwa hiyo maji ya kwanza, yale ya kuloweka, hayamwagwi mtaroni pamoja na uchafu wa watu. Humwagwa kwenye udongo safi, pasipokanyagwa. Mahali pa mama palikuwa nyuma ya jiko, chini ya mlimau, na alikuwa amepazungushia mawe. Kiroboto alipofuata mpira mle ndani siku moja, alikula kofi ambalo hata utu uzimani alikuwa bado akilisimulia huku akijishika shavu.

Basi shati lilipofika, mama alifanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imezoea kufanya. Nilimtekea maji baridi, akaliloweka kwenye beseni la vitambaa vya altare, maji yakawa mekundu. Akalibeba beseni kwa mikono miwili hadi kwenye mlimau, akayamwaga polepole. Ndipo akatia sabuni. Lilipokauka akalipiga pasi, akalikunja.

"Mwanangu hakuwa mchafu," alisema.

Kanisani hatukupata nafasi. Kaburi lilizungukwa na wagonjwa, mishumaa na watu wa kwaya, na kulikuwa na mlinzi aliyemwambia mama apange foleni kama wengine. Mlango wa sakristia ndio uliotukata maini kabisa. Watu walikwangua sakafu pale alipoangukia, wengine kwa misumari, wengine kwa vijiko, kila mmoja akaondoka na kibonge chake cha saruji kwenye leso, hadi pakabaki shimo ambalo parokia ililifunika kwa kioo. Mama alilitazama shimo lile mara moja tu. Tangu hapo akaacha kwenda kaburini, akawa anabeba kigoda chake hadi kwenye mlimau, anachambua mboga na kuongea na mwanawe. Nilikuwa namsikia nikiwa jikoni. Alikuwa akimgombeza, mara nyingi.

Miaka ilipita, kesi ya kumtangaza Mwenyeheri ikafunguliwa. Akaja padre mwenye miwani, mpole, anayeuliza kila kitu mara mbili, nami nikampa jina la Padre Mpelelezi. Alikuwa akitafuta masalia, vitu vya marehemu ambavyo waumini wangeviheshimu. Mama akamletea shati. Padre alilikunjua, akaligeuza, akalinusa. Lilinukia sabuni.

"Mama, damu iko wapi?"

"Nililifua, Padre."

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alisema damu ya mfiadini ni hazina ya Kanisa zima, na kwamba hilo nalo mama angeulizwa siku ya kutoa ushahidi kwa kiapo.

Siku hiyo niliruhusiwa kukaa na mama ofisini kwa sababu magoti yake yalikuwa mabovu. Aliweka mkono juu ya Injili akaapa kusema kweli. Akaeleza utoto wa Kiroboto, sala zake, uvivu wake wa kuchota maji. Hata Padre Mpelelezi alicheka kidogo. Kisha akauliza, "Maji uliyofulia shati, uliyamwaga wapi?"

Mama aliutazama mkono wake. Bado ulikuwa juu ya kitabu.

"Mtaroni, Padre."

"Mtaroni? Wewe unayefua vitambaa vya altare?"

Alikuwa anamfungulia mlango atoke, maskini. Mama hakutoka. "Nilichanganyikiwa," alisema. "Niliyamwaga mtaroni."

Nilijua nikifumbua mdomo, wangefika nyuma ya jiko letu kabla ya chakula cha mchana.

Mambo ya ofisini pale ni siri, lakini siri hiyo ilifika sokoni kabla yetu. Mama gani huyu, wakasema, damu ya mtoto wake anaimwaga na maji machafu? Masista wakaja kumwambia apumzike, kazi ya vitambaa atafanya mtu mwingine. Mama akawarudishia beseni, limesuguliwa mpaka linang'aa. Hakujitetea kwa neno hata moja. Hilo liliniuma kuliko maneno ya watu.

Jumapili iliyofuata, wakati wa Komunyo, alivuta magoti pembeni ili wengine wapite. Na iliyofuata hivyo hivyo. Nikamkabili nyumbani.

"Mama, kwa nini hupokei?"

"Nimeapa uongo, mkono juu ya Injili. Mtu kama mimi hapokei."

"Si uende ukaungame? Padre hawezi kutoa ya kitubioni."

"Hawezi. Lakini ataniambia nikaseme kweli mwenyewe. Nikisema kweli, watakuja na vijiko."

Mwanamke huyu alikuwa akipokea Komunyo tangu utotoni, na ndiye aliyemfundisha Kiroboto kupiga magoti.

Siku ya kumtangaza Mwenyeheri uwanja ulijaa pomoni. Picha ya yule mtu mwenye nywele zilizochanwa ilifunuliwa, kwaya ikapaza sauti, watu wakalia. Mama alikaa mstari wa mbele kwa vile ni mama wa mfiadini. Wakati wa Komunyo, askofu mwenyewe alishuka ngazi akamfuata na Hostia mkononi. Mama aliitazama muda mrefu. Kisha akafumbata mikono kifuani akatikisa kichwa.

"Unyenyekevu ulioje," alisema mwanamke mmoja nyuma yangu, huku akilia. Mimi pia nililia, kwa hasira. Nilimkasirikia askofu, nikamkasirikia mama, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia hata Kiroboto na ufunguo wake.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Mama alivua viatu vipya alivyopewa na parokia, akachukua kigoda, akaenda nyuma ya jiko. Nilimfuata. Siku hizo alikuwa amekonda, anakohoa, na mimi nilikuwa na hofu moja tu.

"Mama, ukifa hivi hivi, bila kuungama?"

"Nitamweleza Mungu mwenyewe."

"Utamwambia nini?"

Aliokota jani kutoka ndani ya mawe, akalitupa nje.

"Mama yake walimshushia mwili wote msalabani, akampakata mwanawe. Mimi walinipa shati."

Kisha akaniomba nimletee maji ya kumwagilia, na niangalie nisije nikakanyaga ndani ya mawe.