Nzi Wakavu wa Bwana Hazim

Bwana Hazim alistaafu idara ya maji hapa Ibra, Omani, akiwa na afya njema, na hilo ndilo lililomtaabisha mkewe. Miaka miwili mizima alizunguka nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Bi Saliha akamwomba mtoto wao mkubwa awapeleke safari, popote pale mradi kuna baridi, wakaenda Bosnia. Huko, kwenye mto wa maji ya kijani, mzee mmoja alimwazima Bwana Hazim fimbo yake ya kuvulia. Mwisho wa uzi palikuwa na nzi wa bandia, manyoya yaliyofungwa juu ya ndoana. Nzi akatua majini, akaelea, na trauti mmoja, samaki wa maji baridi mwenye madoadoa, akapanda kutoka chini akamdaka. Bwana Hazim alipiga ukelele hata mabata ya mtoni yakaruka.

Akarudi Ibra mtu mwingine.

"Mwakani mwezi wa tano, theluji ikishayeyuka, narudi kule," alimwambia mkewe. "Na nzi nitawafunga kwa mkono wangu."

"Nzi wamejaa jikoni, Hazim. Anza na hao."

"Si hao. Hawa wanaitwa nzi wakavu. Hawazami, wanakaa juu ya maji."

"Kwani wa jikoni wamerowa?"

Bwana Hazim aliagiza fimbo ya kuvulia na jiliwa dogo la kubania ndoana, akajifunza kwa kutazama simu, akachukua uzi wa hariri kwenye kikapu cha mkewe cha kushonea. Yakabaki manyoya. Yanayofaa ni ya shingo ya jogoo, nayo hayakuwa mbali. Jirani yao, Bi Balqis, alikuwa na jogoo mwekundu mwenye shingo ya dhahabu.

"Naomba ya shingoni tu, Bi Balqis, na si mengi."

"Ya nini?"

"Ya kufungia nzi."

Bi Balqis alimpa, lakini usiku ule hakupata usingizi. Kesho yake asubuhi akaja na sahani ya vitumbua ili apate sababu ya kuingia. Akamkuta Bwana Hazim amekaa dirishani, miwani puani, anazungusha uzi. Anafunga fundo, anapuliza ili manyoya yasimame, anafunga tena, anapuliza tena. Kisha akakitia kile kitu ndani ya beseni la maji, akakiinamia na kukinong'oneza, "Kaa juu. Kaa juu, usizame."

Kila aliyepita chuo cha Kurani anajua ni watu gani wanaofunga mafundo na kuyapulizia. Bi Balqis aliweka vitumbua chini, akatoka kinyumenyume.

Siku ile hakumwambia mtu, kwa kuwa ilikuwa Jumanne. Jumatano ndiyo siku ya soko la wanawake.

Kufika Alhamisi, watoto walikuwa wakimwamkia Bwana Hazim kutoka ng'ambo ya barabara. Dukani wakampisha mbele. Yeye akadhani ni heshima ya ustaafu, ingawa imechelewa kidogo.

Jumamosi adhuhuri pikapu nyeupe ikasimama mlangoni. Akashuka mfanyabiashara wa mifugo, jina lake Thani, ametoka mji wa Adam bila kupumzika njiani.

"Sheikh, nimekuja kwa ajili ya beberu wangu."

"Mimi si sheikh. Beberu gani?"

"Nimemnunua soko la Nizwa. Pembe kama upinde, mashallah. Lakini miezi mitatu sasa majike wanapita mbele yake, naye anatazama mlima."

"Mpeleke kwa daktari wa wanyama."

"Kamwona. Anasema beberu ni mzima."

"Bwana wee, mimi nafunga nzi wa kuvulia samaki."

Thani akamkonyeza. "Naam. Nzi wa samaki. Mimi sikusema kitu."

Wakanywa kahawa, wakala halua, saa nzima ikapita, na Thani haondoki. Bwana Hazim, mwenye usingizi wake wa mchana, mwisho akampa nzi mmoja. "Tazama kwa macho yako. Ndoana na manyoya, khalas. Chukua, ila usijichome." Thani akampokea kwa mikono miwili, akamfunga kwenye leso.

Siku tatu baadaye alipiga simu, na nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia kwa furaha. Alimtundika yule nzi zizini. Beberu akaja kumnusa, ndoana ikamchoma pua, akaruka ukuta akaangukia kwa majike.

"Na tangu hapo, Sheikh, hataki kutoka!"

Bwana Hazim alicheka hata akaondoa miwani. Hakucheka Ijumaa iliyofuata, alipokuta magari manne nje, na ndani ya moja yao mama mmoja anayetaka binti yake afaulu mtihani wa udereva. Hapo ndipo alipofahamu kuwa watu wanamwita mchawi. Aliingia ndani, na jiliwa hakuligusa siku mbili.

Siku ya tatu akaja imamu wa mtaa, Sheikh Nizar, kijana mwenye haya.

"Shikamoo, ami Hazim. Watu wanasema maneno, na mimi imenibidi niulize."

Bi Saliha akajibu kutoka mlangoni. "Sheikh, mume wangu kashindwa kuwatoa mchwa kwenye kabati. Huo uchawi atauweza wapi?"

"Twendeni wadini, kwenye maji," alisema Bwana Hazim. "Na Bi Balqis aje, aliyeanza ndiye amalize."

Wakaenda Wadi Bani Khalid, bonde ambalo maji yake hayakauki. Trauti hakuna, lakini vipo visamaki vya kidole. Bwana Hazim alirusha uzi kama alivyofundishwa, na ndoana ikakamata kilemba cha Sheikh Nizar, ikakipeleka majini. Mara ya pili ikakamata mtende. Bi Balqis akaanza kusoma dua chinichini. Mara ya tatu nzi alitua polepole, akaelea, na kisamaki kimoja kikachomoka kikamdaka.

"Alaa!" Bi Balqis alisema. "Kumbe anayerogwa ni samaki!"

Bwana Hazim akakiachia kisamaki. Sheikh Nizar, kichwa wazi, akanyoosha mkono kuomba fimbo. "Mara moja tu, ami." Alirusha mara kumi na moja, hata Bi Saliha akamkumbusha sala.

Wakarudi Ibra. Bi Balqis aliposhuka akamwinamia Bwana Hazim dirishani. "Nimekukosea. Nilitia neno sokoni kabla ya kukuuliza wewe. Nisamehe." Bwana Hazim akasema yamekwisha, na akaona kweli yamekwisha.

Mwezi wa tano Bwana Hazim alisimama katika mto ule wa Bosnia, maji yakimfika magotini, meno yakigongana. Siku tatu hakupata hata mmoja. Siku ya nne trauti mrefu kama mkono wake, kiwiko hadi kidole, akapanda akammeza nzi wake. Akamkokota taratibu, akamkamata, akageuka kutafuta mtu wa kumwonesha. Alikuwapo Bi Saliha tu, juu ya jiwe, ndani ya makoti mawili.

"Mkubwa, mashallah," alisema. "Hebu mlete karibu nimwone."

Akamletea. Bi Saliha akamgusa madoa yake kwa kidole kimoja, akavuta mkono upesi kwa baridi, akacheka kama msichana. Kisha wakamrudisha majini, wakabaki wote wawili wameinama wakimtazama anavyoondoka.