Kiraka cha Zambarau

Saa nne na robo asubuhi mdogo wangu alitokea kwenye kamera ambayo hakujua kama ipo.

Mimi ni fundi makochi. Napiga mbao, nafunga springi, mke wangu anashona vitambaa. Ukutani mwa karakana, juu ya rundo la sponji, kuna televisheni ya zamani ambayo mwaka mzima haionyeshi mpira wala habari. Inaonyesha mlima. Hifadhi imefunga kamera huko, na muda wowote unaona ukungu ukishuka, mbega wakirukiana, tembo akijikuna kwenye mti.

Tulianza kuutazama kwa ajili ya mdogo wangu. Ni mpagazi, anawabebea wageni mizigo mlimani, na kamera ya kwanza ilikuwa getini. Akifika hapo anapiga simu na kupunga mkono, sisi tunamwona nusu dakika baadaye, maana picha huchelewa kiasi hicho. Simu imeshakatwa, yeye ndiyo kwanza anapunga. Mama yetu hana televisheni, kwa hiyo kila adhuhuri hupiga simu kuuliza, "Umemwona leo?"

Miezi miwili iliyopita alikuja nyumbani koti limechanika kiwiko. Nikalitia kiraka cha kitambaa cha kochi, zambarau yenye maua ya njano. Mke wangu akamwambia, "Shemeji, wageni watakukalia." Siku hiyohiyo aliniomba waya wa kufungia springi. Wa kufungia mizigo, alisema. Nikamkatia mwingi tu.

Wiki iliyopita waliweka kamera mpya bwawani, wanyama wanapokuja kunywa. Mzee jirani, mfanyakazi mstaafu wa posta, akawa anahamia kwetu kila asubuhi na kigoda chake.

"Leo nyati," alisema asubuhi ile.

"Leo pongo. Nyati wako wameshastaafu kama wewe."

Hakutokea nyati wala pongo. Alitokea mtu. Alipita kwenye majani akiwa ameinama, akachuchumaa kando ya njia ya wanyama, akakunja kitu, akakifunga kwenye mti mdogo uliopinda. Kila alipovuta, kiwiko kiliinuka. Zambarau. Maua ya njano.

Cherehani ikanyamaza.

"Baba watoto," mke wangu alisema polepole, "yule si..."

"Shona."

"Nishone nini? Hebu angalia!"

Nilikuwa naangalia. Nyundo ikaniponyoka ikaangukia mguu, na sikusikia maumivu mpaka baadaye. Ule ulikuwa waya wangu. Nilimkatia mwenyewe kwa koleo langu, na yeye ametega nao tanzi.

Mzee alisogeza miwani. "Jangili! Mchana kweupe! Fundi, piga simu, namba ya hifadhi si hiyo hapo chini ya picha?"

Sikupiga. Nilimpigia mdogo wangu. Simu imezimwa. Kwenye picha aliingia vichakani akapotea. Nikapiga tena na tena. Imezimwa.

"Unampigia nani?" mzee akauliza.

Kabla sijajibu, pongo jike alitokea ng'ambo ya bwawa, mtoto wake nyuma. Wakasimama, masikio juu. Njia yao ilipita palepale kwenye mti uliopinda.

Askari wa hifadhi wana bunduki, na jangili akikurupuka vichakani hawamwulizi jina. Nikinyamaza, mtu mwingine atapiga, maana kamera ile inatazamwa na watu kibao. Na huyo mwingine hatawaambia kwamba mtu yule hana silaha.

Nikapiga.

"Bwawani," nilisema. "Kuna tanzi kwenye mti uliopinda. Aliyetega ana koti lenye kiwiko cha zambarau. Hana bunduki. Nasema tena, hana bunduki. Msimpige."

"Unajuaje hana?" sauti ikauliza.

"Ni mdogo wangu. Nimemlea mimi."

Mzee alivua miwani.

Baada ya dakika kumi simu yangu ikalia. Yeye.

"Kaka, nimewasha simu nakuta umenitafuta mara sita. Kuna nini? Mimi nipo getini, nasubiri wageni."

"Hupo getini. Uko bwawani. Nimekuona."

Nilisikia anavyohema.

"Unanionaje?"

"Waliweka kamera nyingine. Waya wangu, mjinga wewe! Waya wangu!"

"Kaka, wageni hawaji. Miezi miwili sijabeba hata begi. Ningemwambia mama nini?"

"Askari wanakuja. Nimewaita mimi."

"Umeniitia askari? Wewe?"

"Ukikimbilia vichakani watakupiga na hakuna atakayeona. Toka hapo mbele ya kamera. Fungua ule waya kwa mikono yako, halafu inua mikono. Toka, nakuomba."

Sijawahi kumwomba kitu tangu azaliwe. Nilisikia majani yakivunjika. Kwenye picha bado hapakuwa na mtu, pongo tu, amebakiza hatua chache. Halafu kwenye simu sauti nyingine zikafoka, "Simama! Lala chini! Lala!" Mlio mmoja mkubwa, na simu ikakatika.

Mke wangu alipiga yowe. Mimi nilibaki nimeitolea macho televisheni. Picha ilikuwa bado nyuma. Mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa anatoka majanini, mzima, simu sikioni. Pongo akageuka na mtoto wake wakatimka. Akachuchumaa, akafungua waya. Akainua uso, akatafuta kamera, akaiona. Alitutazama moja kwa moja. Na mimi nilikuwa nimeshasikia mlio ambao yeye hapo hakuwa ameusikia.

Aliinua mikono, kiwiko kikang'aa juani. Askari wawili wakaingia. Mmoja akaelekeza bunduki juu mawinguni, bega likaruka. Mdogo wangu akaanguka kifudifudi.

"Amepigwa!" mzee akasema.

"Hajapigwa, amelala," mke wangu akasema. "Ona miguu. Anaitingisha."

Wakamfunga pingu, wakamwinua. Askari wa pili aliviringisha waya mkononi, nadhifu, kama ninavyouviringisha mimi. Nikakaa juu ya kochi la mteja ambalo halijatiwa hata kitambaa.

Adhuhuri simu ililia. Nililitazama jina la mama mpaka mke wangu akanisukuma bega.

"Umemwona leo?" mama akauliza.

"Nimemwona, mama. Ni mzima. Vuta kiti ukae, nikwambie."